Kizibo cha maji ya injini kimegoma kufunguka

SWALI: Assalaam alaykum, mhariri. Gari langu la zamani lina kizibo cha kumwagia maji ubavuni mwa bloku ya injini, nacho kimeshika kutu hata spana inateleza. Nifanyeje? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Subiri injini ipoe kabisa, kwani maji yake ya moto huunguza vibaya. Tumia soketi ya pembe 6 inayoenea barabara, maana ya pembe 12 huvuruga kichwa cha kizibo upesi. Paka mafuta ya kulegeza kutu, uyaache usiku kucha, kisha gonga kichwa taratibu kwa nyundo na ukikaze kidogo kabla ya kukilegeza, ili kutu iachie.

Kikikataa bado, nakusihi usikilazimishe kwa bomba refu, kwa sababu kikikatikia ndani itabidi kitobolewe. Chomoa mpira wa chini wa rejeta, mwaga maji, halafu suuza mara kadhaa kwa maji safi, ukikumbuka kwamba yatakayobaki ndani ya bloku yatazimua dawa mpya ya rejeta. Maji ya zamani yenye dawa yakinge kwenye beseni: paka na mbuzi wanaweza kuyanywa, nayo ni sumu.