Gari kutembea kwa maji: nilifunga, nikapima, nikafungua

Mkuu, umeuliza kama umpe fundi wa huko Moshi laki tatu na nusu akufungie kifaa cha kuendesha gari kwa maji. Mimi nilishatoa hela hiyo kwenye gereji moja hapa Arusha, nikafunga kwenye gari langu, Toyota Noah.

Ni chupa yenye vibati vya stenlesi, maji ya betri (yale yasiyo na asidi) na kostiki soda kidogo. Umeme wa gari unaingia, vipovu vinapanda, mpira unapeleka gesi hiyo, hidrojeni na oksijeni, kwenye njia ya hewa ya injini. Vipovu ni vya kweli, hapo sikudanganywa. Fundi aliipitisha gesi kwenye povu la sabuni, akagusa kiberiti, paa! Watu wakapiga makofi, nami nikatoa pochi.

Sikuuliza umeme ule unatoka wapi. Unatoka kwenye altaneta, yaani jenereta ya gari, altaneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli. Kupasua lita 9 za maji upate kilo 1 ya hidrojeni kunataka uniti kama 39, uniti hizihizi za umeme tunazonunua kwa LUKU, tena bila kupoteza chochote njiani. Ukiichoma inarudi kuwa maji na kukupa joto la uniti zilezile, haizidi. Katika joto hilo injini ya petroli inageuza kama robo tu kuwa mwendo, au zaidi kidogo. Maji ni majivu ya hidrojeni, mkuu. Nani anapikia majivu?

Na aliyesema mbona kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu maji yanatoa umeme: pale yanasukuma turbaini kwa kuporomoka, na yanatoka chini yakiwa maji bado. Jua ndilo linayapandisha tena.

Nilipima. Najaza fulu tanki, Arusha hadi Moshi na kurudi, kama kilomita 160, najaza tena sheli ileile, pampu ileile. Bila kifaa lita 15.8. Nacho 16.1. Safari tatu bila kifaa, tatu nacho, hadithi haikubadilika. Wanaoona nafuu, mara nyingi fundi kawabadilishia plagi siku hiyohiyo, na wao wenyewe wanakanyaga mafuta kwa adabu.

Wala si mambo mapya. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, alidai gari lake linatumia maji. Mwaka 1996 mahakama ikaona ni utapeli na kumwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili.

Mimi sijarudishiwa. Nilipomfuata fundi alisema kosa ni langu: nilitakiwa kuweka maji ya mvua.