Mwanangu, uliza kwanza hela hiyo inaondokaje

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa na baba yako akausoma. Unasema umepata mpango wa kusaidia wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza, na kwamba utakulipia sehemu kubwa ya kianzio, ile sehemu ya bei ambayo benki inataka uitoe mwenyewe kabla haijakukopesha iliyobaki. Unauliza uuchukue sasa, au uendelee kudunduliza mpaka ukitimize mwenyewe. Halafu ukaongeza kwamba ofisa aliyekuhudumia amekwambia hiyo ni "hela ya bure kabisa".

Mimi naona uchukue, ila si kabla hujajua hela hiyo inaondokaje. Jinsi inavyoingia, kila mtu atakueleza kwa furaha: jaza fomu hii, weka sahihi hapa, benki itapokea. Masharti ya kutoka huandikwa kurasa za nyuma. Miaka niliyokaa dirisha la mikopo niliwaona wengi wakizifungua kurasa hizo kwa mara ya kwanza siku wanayotaka kuuza nyumba, na siku hiyo hakuna tena cha kujadiliana.

Ruzuku, yaani hela isiyorudi, ipo kweli. Lakini mara nyingi ni ndogo, na hupewa wenye kipato kisichozidi kiwango fulani. Kinachoitwa msaada mara nyingi ni mkopo wa pili unaokaa nyuma ya ule wa benki. Mwingine hauna riba wala marejesho ya kila mwezi; umelala tu, unasubiri uuze, uhame, au ubadilishe mkopo wako mkuu, ndipo uamke wote kwa pamoja. Mwingine husamehewa kidogo kidogo: kila mwaka unaoishi kwenye nyumba hiyo kipande kinafutwa, na baada ya miaka mitano au kumi, kwa kutegemea mpango, hudaiwi kitu. Huu wa kusamehewa naupenda sana kwa mtu aliyetulia. Wewe kazi yako ni ya kuhamishwahamishwa. Ukipelekwa kwingine mwaka wa tatu ukampangisha mtu nyumba, mikataba mingi inahesabu kwamba umeshatoka, na sehemu ambayo haijasamehewa inadaiwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa huyo ofisa liwe hilo la kupangisha.

Kuna aina nyingine ambayo lazima uitambue ukiiona, maana huko ndiko watu wanakoshangaa zaidi. Uingereza walikuwa na mpango ulioanza mwaka 2013 na kufungwa mwaka 2023. Mnunuzi alitoa asilimia 5 ya bei, serikali ikamkopesha hadi asilimia 20 kwa nyumba mpya, London ikaja kufika asilimia 40, na benki ikatoa iliyobaki. Miaka mitano ya kwanza deni la serikali halikuwa na riba. Tamu, sivyo? Lakini kilichodaiwa hakikuwa kile kiasi kilichotolewa, ilikuwa asilimia ya thamani ya nyumba siku ya kulipa. Fanya hesabu mwenyewe: nyumba ya 100, serikali imetoa 20. Ikipanda ikawa 150, unarudisha 30. Ikishuka ikawa 80, unarudisha 16. Siusemi vibaya mpango huo, kwa sababu hasara nayo waligawana. Nasema tu kwamba aliyeingia akidhani anadaiwa 20 alikuwa amesaini kitu asichokijua. Kwa hiyo mkataba wako ukitaja asilimia mahali ambapo ulitegemea kuona kiasi, simama hapo usome upya.

Na usikubali jina likufumbe macho. Marekani mwaka 2008 serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa wanunuzi wa mara ya kwanza, hadi dola 7,500. Watu wakafurahia, kumbe ilipaswa kurudishwa kwa miaka 15. Mwaka uliofuata ikatolewa nafuu yenye jina lile lile, hadi dola 8,000, na hiyo haikurudishwa alimradi mtu asiuze wala kuacha kuishi humo ndani ya miaka mitatu. Majirani wawili waliopishana mwaka mmoja tu kununua: mmoja ana zawadi, mwingine ana deni.

Sasa hilo la kudunduliza. Usilidharau, hasa kama huko uliko kuna akaunti ya akiba ya nyumba ambayo serikali inakuongezea. Waingereza wanayo moja tangu mwaka 2017: ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 39 unaifungua, unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza asilimia 25. Ukiweka 100 inakuwa 125. Lakini hata hapo angalia mlango wa kutokea. Ukiitoa kwa shughuli nyingine kabla hujafikisha umri wa miaka 60, unakatwa asilimia 25 ya kilichomo, na asilimia 25 ya 125 ni 31.25. Unabaki na 93.75, pungufu ya ulichoweka mwenyewe. Akaunti ya namna hiyo weka hela ya nyumba tu, ya dharura ikae kwingine.

Jambo ambalo huenda hujalifikiria: je, wewe kweli ni mnunuzi wa mara ya kwanza? Jina lako limo kwenye hati ya nyumba aliyoiacha bibi yenu, pamoja na ndugu zako. Kila mpango una maana yake. Kwa Marekani, mipango mingi humhesabu wa mara ya kwanza yeyote ambaye hakumiliki nyumba aliyoishi kwa miaka mitatu iliyopita, hata kama aliwahi kumiliki zamani. Kwa Uingereza, fungu la nyumba ulilorithi laweza kukutoa kabisa kwenye hesabu, hata likiwa nchi nyingine. Na mkinunua wawili, mwenzako akiwa aliwahi kumiliki, mipango mingine inawakataa wote. Litaje hilo la urithi mapema, kwa maandishi. Likigundulika baadaye litaitwa uongo.

Kianzio kidogo nacho kina gharama yake. Mikopo inayodhaminiwa na shirika la serikali ya Marekani, FHA, lililoanzishwa mwaka 1934, hukubali kianzio cha asilimia 3.5. Lakini mkopaji analipia bima ya kumlinda mkopeshaji, si yeye, na anayeanza na chini ya asilimia 10 kwa kawaida hulipa bima hiyo muda wote wa mkopo huo. Huko kwenu uliza bima kama hiyo ipo, na inakoma lini. Kisha ukumbuke kuwa msaada wa kianzio mara nyingi haugusi ada ya mthamini, wakili, ushuru wa kuhamisha hati, wala bomba litakalopasuka wiki ya pili. Ukiupata msaada, akiba yako usiimwage yote kwenye bei ya nyumba.

Umeuliza pia, kwa aibu yako ile ile, kama sisi tunaweza kuongeza chochote. Tunaweza, si nyingi. Benki itataka tuandike barua kwamba ni zawadi, hairudishwi na haitupi fungu kwenye nyumba. Tutaiandika, na itakuwa zawadi kweli. Nimeona wazazi wanaosaini zawadi huku pembeni wamekubaliana na mtoto arudishe kila mwezi. Hilo ni kuidanganya benki, maana marejesho hayo hayamo kwenye hesabu ya uwezo wako wa kulipa, na ni kujitafutia ugomvi wa ndani. Ndugu zako nitawaambia mimi, wewe usijisumbue. Jambo moja tu: angalia kama mpango wako unaruhusu zawadi ya wazazi kukaa pamoja na msaada, au unadai sehemu fulani itoke mfukoni mwako.

Basi, kabla ya kusaini, mwandikie ofisa maswali haya na umwombe ayajibu kwa maandishi: nikiuza mwaka wa tatu nitalipa nini, nikipangisha je, nikibadilisha mkopo wa benki je, na ninachodaiwa ni kiasi au ni asilimia. Nitumie majibu pamoja na mkataba wenyewe, usinitumie kile kipeperushi chenye picha ya funguo. Akikataa kuandika, nijulishe siku hiyo hiyo, tutautafuta mpango mwingine.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama hiyo nyumba ina chumba cha wageni.

Mama yako