Afisa tawala wa Bunge hamtumikii mbunge

Swali: Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa tawala katika ofisi ya Bunge. Mtu anayetoza ada ya kuwaandaa wasailiwa ameniambia kwamba kazi yenyewe ni kuwaandikia wabunge hoja na kushughulikia mambo yao, kwa hiyo nitafute mbunge wa kunidhamini. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, na nasikitika kwamba umeyalipia maelezo hayo. Kila nafasi hizi zinapotangazwa naletewa swali hilihili, na kila mara chanzo chake ni mshauri ambaye hajawahi hata kufika masijala ya Bunge.

Kushauri kuhusu hoja na Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha vikao, ni kazi ya makatibu wa mezani, wanaomsaidia Spika ukumbini, na kunukuu mijadala ni ya waandishi wa Hansard, taarifa rasmi ya mijadala hiyo. Afisa tawala yuko upande wa uendeshaji: likizo za watumishi, majalada, magari, vyumba vya mikutano na ziara za kamati, ambazo kwa ajili yake afisa huyo aghalabu hukabidhiwa masurufu, yaani fedha za matumizi zinazotolewa kabla, anayopaswa kuyatolea hesabu kwa stakabadhi.

Hapo kwenye masurufu ndipo dhana hiyo inapowaponza watu. Afisa aliyeaminishwa kwamba kila mbunge ni bosi wake atapigiwa simu na mjumbe ambaye hakusafiri, aombwe amwandike katika karatasi ya mahudhurio ili posho isipotee, naye atatii akidhani ndiyo heshima; mkaguzi akija, ataanza na aliyetia saini, si aliyepiga simu.

Mwajiri wako ni taasisi. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeipa Tume ya Huduma za Bunge, katika kifungu cha 127, kazi ya kuteua na kusimamia watumishi. Tanzania, ibara ya 87 ya Katiba inamwachia Rais uteuzi wa Katibu wa Bunge, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa ofisi hiyo. Njia ni tofauti, lakini hakuna kati yake inayompa mbunge mmoja mmoja uwezo wa kuajiri.

Ndiyo maana udhamini huo utakudhuru hata ukikusaidia kuingia. Uchaguzi hubadilisha walio wengi, na afisa anayejulikana kuwa mtu wa fulani hataaminiwa na upande wa pili kugawa hata vyumba vya mikutano. Wanaotoza fedha kwa ahadi ya kuwaunganisha watu na wakubwa waepukwe kabisa, kwa kuwa mara nyingi wanachouza ni rushwa tu. Ada hiyo ingetosha kukuchapishia kanuni za utumishi, za fedha na za ununuzi, ambazo ndizo utakazoulizwa.