Jibu: Ukungu ndani ya mita za boti

Kaka, umesema mita ya mafuta na ya mizunguko ya injini zinajaa ukungu kila asubuhi, na fundi anataka kuziziba nyuma kwa silikoni. Tafadhali mkatalie. Mita nyingi za boti zina kitundu kidogo cha kupumulia. Ukikiziba, unyevu unabaki humo humo.

Ukungu ukitoweka jua linapopanda, hiyo ni hewa yenye unyevu iliyopoa usiku kwenye kioo. Washa taa za mita kwa nusu saa hivi. Za balbu hutoa joto la kutosha, za LED hazisaidii sana.

Matone yakikaa siku nzima, chomoa waya wa hasi wa betri, piga picha ya nyaya zilivyofungwa, kisha toa mita. Zitie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi na viwe vikavu, siku tatu au nne. Usizitie kwenye oveni, plastiki hupinda. Kabla ya kurudisha, kagua raba ya ukingo na ya kishikio cha taa.

Ila ukiona kutu ya kijani kwenye skrubu za nyaya, maji ya chumvi yameshaingia. Nunua mpya. Mimi nilikausha ya namna hiyo mara mbili, ikaja kunionyesha nusu tanki nikiwa nje ya mwamba na mafuta yameisha.

Na mnapoosha boti, mpira wa maji usielekezwe kwenye dashibodi.