Nimemaliza kemia, niende wapi? Jibu la aliyepita njia hiyo

Mdogo wangu, umeuliza kama aliyesoma kemia ana pa kwenda zaidi ya ualimu na maabara, na kama ni lazima uunganishe uzamili ndipo upate kazi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali hilo liliwahi kuninyima usingizi, na niliyemuuliza alinijibu neno moja tu: "Vumilia."

Nianze na wale niliomaliza nao ambao bado tunawasiliana. Mmoja anafundisha sekondari, na hiyo ndiyo kazi aliyoitaka tangu mwanzo. Mwingine yuko kwenye maabara ya uchunguzi wa jinai, anatafuta sumu na dawa za kulevya katika sampuli za damu. Yuko anayeandaa maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi: mvumbuzi anamletea molekuli mpya, yeye anaielezea kwa lugha ya sheria. Kazi hiyo mwanasheria mtupu haiwezi, ndiyo maana hata mtihani wa uwakala wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya hudai kwanza elimu ya sayansi au ufundi. Mmoja anauza mashine za kromatografia, zinazotenganisha kemikali zilizochanganyika, na kuwafundisha wateja kuzitumia. Mmoja yuko benki.

Mimi nilianzia kwenye mtambo wa kusafisha maji. Mvua ikinyesha, maji ya mto yanaingia yakiwa mazito kwa tope, na dozi ya shabu, ile chumvi ya kugandisha tope, iliyofaa jana haifai tena. Unapanga bika sita (vikombe vya maabara) za lita moja moja, kila moja unaipa dozi yake, unakoroga kwa kasi kwa dakika moja, kisha polepole kama dakika ishirini, halafu unazima na kutazama. Bika ya kwanza inabaki na ukungu. Ya tatu au ya nne, chembe zinaanza kushikana, zinakuwa kama vinyuzi vya pamba, zinazama, na maji ya juu yanang'aa. Nilikuwa nachuchumaa mpaka macho yalingane na meza ili nione ni ipi iliyotangulia kutulia. Usidhani ukizidisha shabu ndiyo maji yatakuwa safi zaidi. Ikizidi, pH (kipimo cha uasidi) inashuka, maji yanakuwa na asidi zaidi, na chembe zinaweza kugoma kuzama. Baada ya hapo inakuja klorini ya kuua vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8. Namba ndogo kiasi hicho, na nyuma yake kuna watoto wanaokunywa yale maji. Sijawahi kuisahau hisia ile.

Kisha nikaenda kiwanda cha rangi, kitengo cha udhibiti wa ubora. Siku moja bechi ilitoka ikiwa na mnato chini ya kiwango. Msimamizi akaniambia nibadilishe namba kwenye fomu, kwani gari la kupakia lilikuwa limeshafika. Niliandika nilichokisoma kwenye kipimo. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na uliniuma sana, kwa sababu kazi yenyewe nilikuwa naipenda.

Lakini tukio hilo ndilo lililonionyesha kazi ninayoifanya mpaka leo. Nakagua maabara kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, kile kinachopima umahiri wa maabara za upimaji na ugezi, yaani kuhakiki kuwa vifaa vya kupimia vinasoma sawasawa. Naingia, nachagua tokeo moja kwenye ripoti, naanza kulifuata kinyumenyume. Nani alipima uzito wa sampuli? Mizani ilifanyiwa ugezi lini? Myeyusho wa kulinganishia ulitengenezwa na nani, na chupa yake ina tarehe? Daftari likijibu yote hayo, naridhika. Likikaa kimya mahali pamoja tu, tunakaa chini na kuzungumza.

Hapo ndipo penye jibu langu kwako. Yule rafiki wa benki hupitia hesabu za makampuni yanayoomba mikopo, na anasema kazi yake nzima ni kuuliza namba imetokea wapi na nani aliipima. Aliyeko kwenye jinai anasema hivyohivyo, ila yeye huulizwa mbele ya hakimu. Tabia hiyo tuliipata kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye alama za vipimo, tuliporudia titresheni (kudondosha kimiminika kidogokidogo ili kujua kiasi cha kemikali) mpaka vipimo vitatu vikubaliane. Kwa hiyo mtu akikwambia aliyetoka nje ya maabara amepoteza miaka yake, usikubali. Margaret Thatcher, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alimaliza kemia Oxford mwaka 1947, akaajiriwa kama mkemia kwenye plastiki na kisha kwenye vyakula, akahamia sheria kabla ya kuingia bungeni. Angela Merkel, aliyekuja kuwa kansela wa Ujerumani, alipata udaktari katika kemia ya kwanta mwaka 1986. Iwe unawapenda au huwapendi, shahada haikuwafungia mlango.

Kuhusu uzamili: inategemea. Ukitaka kubuni molekuli mpya za dawa, jiandae kusoma hadi udaktari, maana wanaoongoza utafiti huo wengi wanao. Ukitaka udhibiti wa ubora, usajili wa dawa, mauzo ya vifaa au usalama wa kemikali, shahada ya kwanza inatosha kuingilia, na mwaka mmoja wa kazi utakufundisha unachohitaji kusomea baadaye. Mimi nilisoma uzamili baada ya miaka 6 kazini, na nilijua hasa ninachokitafuta.

Jambo moja la kufanya wiki hii: kwenye wasifu wako futa "nina ujuzi wa maabara". Andika mashine uliyoiendesha kwa mikono yako, ulipima nini, sampuli ngapi, na ulifanya nini matokeo yalipokataa kulingana. Mimi nikisoma maombi ya vijana, hicho cha mwisho ndicho nakitafuta kwanza. Ukiweza, andika hapa mradi wako wa mwisho ulihusu nini, nikutazamie unaelekea upande gani.