Gegedu halina "ugumu" wa kupimwa

SWALI: Nafasiri ripoti ya maabara kuhusu gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo. Nimeandika: "Ugumu wa gegedu ulipimwa kwa jaribio la kubonyea." Je, ni kubonyea au kubonyeza?

JIBU: Ni kubonyeza. Kitenzi mama ni bonyea. Kikitiwa kiambishi cha kusababisha kinakuwa bonyeza. Mashine hubonyeza, gegedu hubonyea, na kile kipande kinachogusa gegedu ni ncha ya kubonyezea. Swali lako limekwisha hapo.

Lakini sentensi yako umeianza na neno ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo linalonikera kila ninaposoma tafsiri za sayansi: ugumu. Jiwe ni gumu, mtihani ni mgumu, moyo usiosikia ni mgumu. Mazungumzoni sina ugomvi nalo, ni neno letu la Kibantu na linajitosheleza. Maabara ni mahali pengine. Kioo ni kigumu, hukikwaruzi kwa ukucha, lakini kikianguka kinapasuka. Raba inabonyea kwa kidole, nawe hutaivunja kwa kuiangusha. Mfasiri anayeviita vyote hivyo "ugumu" amemnyima msomaji habari aliyoifuata.

Wahandisi wa metali wana haki ya neno hilo. Mwaka 1900 Msweden Johan August Brinell alitangaza njia yake: gololi ya chuma inakandamizwa juu ya metali, kisha inaondolewa, na inapimwa alama iliyobaki. Alama ikiwa ndogo, metali ni ngumu. Huo ndio ugumu, nami nauheshimu.

Sasa njoo kwenye gegedu. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Ncha ikishuka na uzito ukaachwa vilevile, bila kuongezwa hata kidogo, gegedu huendelea kubonyea taratibu kwa dakika nyingi, kwa kuwa maji yanahama chini ya ncha. Shika sifongo iliyolowa, uibonyeze kwa kidole gumba: maji yanakimbilia pembeni, kidole kinazama. Inua kidole uiache ndani ya maji, nayo inajaa tena. Hebu nionyeshe alama uliyoiacha. Hakuna. Gegedu linafanya vivyo hivyo, ila vinyweleo vyake ni vidogo mno, ndiyo maana maji yake hayana haraka. Utapimaje ugumu wa kitu ambacho alama yake hujifuta yenyewe?

Kinachopimwa ni ukakamavu: nguvu kiasi gani inahitajika ili ncha izame kina kiasi gani. Nao lazima useme ni wa wakati gani. Ukakamavu wa papo hapo, maji yakiwa bado hayajahama, ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa baada ya kutulia, ambao kwa kawaida hauzidi megapaskali 1 (kipimo cha nguvu kwa eneo). Taja na unene pia. Gegedu la goti la binadamu ni milimita chache tu, na mfupa ulio chini yake hulifanya jembamba lionekane kakamavu kuliko lilivyo. Mtafiti Hayes na wenzake waliandika hesabu ya kurekebisha jambo hilo mwaka 1972. Ukisema "ugumu" tu, yote hayo yamezama.

Najua utaniambia ukakamavu ni ushujaa. Ni ushujaa, ndiyo, lakini misuli pia hukakamaa, na viungo vya mgonjwa hukakamaa, wala hakuna anayedhani vimekwenda vitani. Maana ya mwilini tunayo siku zote. Tumeiacha ikae bure.

Daktari akimwambia mgonjwa kwamba gegedu lake limelainika, mwache, ameeleweka. Wewe unafasiri ripoti. Andika: "Ukakamavu wa gegedu ulipimwa kwa jaribio la kubonyeza." Mhariri akikurudishia "ugumu", mwombe akuonyeshe alama iliyobaki.