Mchuchumio wako, bima yangu?

Wiki mbili zilizopita niligusia mchuchumio, yaani viatu vya visigino virefu, kwa sentensi moja tu, tena kwa kupita. Barua zilizofuata zinatosha kufungua duka la viatu. Naanza na swali lisilokufa.

Shikamoo mama. Ni kweli mchuchumio unapindisha kizazi? Rafiki yangu kaambiwa ndiyo sababu hashiki mimba. (Sinza)

Marahaba. Si kweli. Nimelijibu swali hili mara nyingi mpaka mhariri ananicheka. Kizazi kilichoelekea nyuma ni umbile tu. Mwanamke mmoja kati ya watano hivi yuko hivyo, na wengi wao wana watoto na hawajawahi kuvaa kitu kirefu kuliko ndala. Rafiki yako aende hospitali, na aende na mumewe, maana mimba isiposhika wanapimwa wawili. Aliyemletea habari za viatu kamchelewesha bure.

Nakatwa bima kila mwezi. Kwa nini hela yangu itibu miguu ya mtu aliyejiharibu mwenyewe kwa kupenda urembo? Walioyataka wajilipie. (Mchangiaji, Dodoma)

Kaka, umeandika kwa hasira, nami nakujibu taratibu.

Kuhusu madhara sikupingi. Kisigino kikipanda, uzito wa mwili unahamia mbele ya unyayo, vidole vinabanana kwenye ncha ya kiatu, na goti linabebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha vipimo vya wanawake waliotembea na visigino virefu: mgandamizo upande wa ndani wa goti ulipanda kwa wastani wa asilimia 23. Mwaka 2010 watafiti wengine walipima wanawake waliovaa visigino hivyo karibu kila siku kwa miaka miwili au zaidi. Nyuzi za misuli ya tafu zilikuwa fupi kwa asilimia 13 kuliko za wenzao, na kano ya kisigino ilikuwa imekakamaa. Ndiyo maana kuna akina mama wanaolalamika miguu inauma wakivua mchuchumio, siyo wakiuvaa.

Tatizo langu ni hilo neno lako, "walioyataka". Nimefanya tiba ya viungo kwa miaka mingi na nimeshika nyayo nyingi. Kidole gumba kupinda na kutoa nundu hutembea kwenye ukoo. Viatu vya kubana huongeza moto. Sasa nani atakaa dirishani kupima nundu hii robo ngapi ni ya bibi mzaa mama na robo ngapi ni ya Kariakoo? Na mgonjwa akijua kwamba akisema kweli halipiwi, atasema alijikwaa. Tabibu akishadanganywa, anatibu hadithi.

Tena foleni haiishii kwa akina dada. Nyuma yao yupo wa bodaboda asiyevaa helmeti, yupo wa bia, yupo wa chumvi mezani. Na wewe, kama unacheza mpira wa maveterani Jumapili bila kupasha misuli, kano za goti zikikatika tutakuuliza nani alikutuma? Uingereza wameligusa hili. Mwaka 2016 wasimamizi wa huduma za afya eneo la Vale of York walipendekeza wanene kupita kiasi wasubirishwe hadi mwaka mzima kwa upasuaji usio wa dharura, na wavutaji sigara miezi sita. Madaktari wa upasuaji wenyewe walikuja juu.

Nisichokubali kilipiwe ni upasuaji wa kupunguza vidole ili viingie kwenye kiatu. Huo ni urembo, mtu atoe mfukoni. Na kama hela ya afya inakuuma kweli, kumbuka kwamba mwaka 2001 pale Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Chukua bajeti yetu, fanya hesabu, halafu uniambie kama pengo hilo limechimbwa na visigino.

Urefu gani hauna madhara? (Moshi)

Sentimita tatu au nne, kisigino kinene, na mbele pawe na nafasi ya vidole kucheza. Sandali bapa kama karatasi nazo si dawa.

Shikamoo mama. Nipo mapokezi ya hoteli. Meneja ameagiza wanawake wote tuvae visigino virefu, tunasimama kwa muda wa saa kumi. Nikivaa vya chini naambiwa sina mvuto. Mgongo na miguu vimenishinda. (Arusha)

Marahaba mwanangu. Mchangiaji wa Dodoma, rudi hapa usome. Amejitakia nani? Mvuto unamnufaisha mwenye hoteli, maumivu yanabaki kwa binti, na matibabu yanaangukia mfuko wako. Hasira yako ni halali, ila umeipeleka nyumba isiyohusika.

Hili si la Arusha peke yake. Mwaka 2015 Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo kutoka kwenye ofisi moja ya London kwa sababu alikwenda na viatu vya chini. Ombi lake kwa Bunge lilipata saini zaidi ya 150,000. Serikali ikajibu kwamba sheria zilizopo zinatosha, jibu ambalo sisi tunalijua vizuri. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia kule Kanada lilikataza waajiri kulazimisha visigino virefu, na Ufilipino nayo ikafanya hivyo mwaka huohuo. Sisi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayomtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Sijasikia mkaguzi aliyeinama kuangalia viatu.

Fanya hivi. Pata barua ya daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Andikeni ombi mkiwa wengi. Ukienda peke yako utaitwa mkorofi. Ombeni viti na viatu vya chini kwa pamoja. Na ukianguka kwenye ngazi za hoteli ukiwa zamu, hiyo ni ajali ya kazini: idai fidia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na waajiri. Usikubali kuambiwa "tumia tu kadi yako ya bima".

Na wa mkorogo je, figo zikifa pia tulipe? (Mbeya)

Ndiyo, tumtibu. Kisha tumfuate aliyemuuzia kopo lenye zebaki, ambaye bado yuko sokoni mchana kweupe.

Nina nundu ya kidole gumba, naomba jina la krimu ya kuiyeyusha. (Morogoro)

Haipo. Huo ni mfupa uliohama, hauyeyuki kama mafuta ya nazi. Vaa viatu vipana. Ikizidi ni upasuaji na wiki kadhaa za kupona. Ila hukuniambia kama una kisukari. Kama unacho na miguu imeanza kufa ganzi, acha viatu vyote vya kubana leo hii na kagua nyayo kila jioni. Kidonda usichokisikia ndicho kinachokata mguu.

Visigino virefu ni uchafu wa wanawake wa Kizungu. Serikali ipige marufuku. (Kijana, Tanga)

Walianza wanaume, kijana wangu. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa kisigino ili mguu ukae imara kwenye kikuku cha tandiko. Wanaume wa Ulaya wakaiga, na Louis wa 14 wa Ufaransa akavipaka rangi nyekundu. Marufuku tulishajaribu: mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliwinda sketi fupi na mawigi. Miaka michache baadaye baba zenu walikuwa mjini na raizoni, soli nene kama tofali. Muulize wako, picha ipo kabatini.

Harusi yangu ni baada ya wiki tatu. Nimenunua viatu vya sentimita 12, sijawahi kuvaa kisigino maishani. (Mbagala)

Hongera. Virudishe dukani. Wakikataa, vivae kwa picha tu, na matroni akae na kandambili zako kabla muziki haujaanza.